Bao la Mangobo na Mdomo wa Komisere

Siku hizi refa akipata shaka anachora kisanduku hewani kwa vidole viwili, anakimbilia kiruninga kilichowekwa pembeni mwa uwanja, na uwanja mzima unamngoja. Nyumbani kwangu wajukuu hugawanyika papo hapo. Mmoja anasema mashine imeleta haki, mwingine anasema mashine imeua raha, kisha wote wawili hunigeukia mimi kwa sababu wanajua nilikuwa refa. Huwa nawaambia waniache nile. Ugomvi wangu na video ni wa tangu baba zao walipokuwa watoto. Ulianza Kisangani, enzi za Zaire, wakati katika zoni yetu nzima mashine ya namna hiyo ilikuwa moja tu.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la sita huko Mangobo, sehemu mojawapo ya mji huo. Jumatatu hadi Jumamosi nafundisha hesabu za sehemu, Jumapili napuliza filimbi. Nilikuwa na kadi ya urefa yenye picha yangu na muhuri, na sitaki kuficha: niliipenda kadi ile kuliko cheti changu cha ualimu. Mwalimu hutii mkurugenzi, mkaguzi na wazazi. Refa alikuwa mtu pekee niliyemjua katika Zaire yote ambaye akisema neno, neno limekwisha.

Mwaka ule Komisere wa Zone, yaani mkubwa wetu wa serikali na wa Chama kwa pamoja, alitoa kombe kwa ajili ya sikukuu ya Chama. Fainali ikawa kati ya Mangobo na timu ya ng'ambo, watu wa Lubunga, ambao wakija kwetu lazima wavuke mto. Refa aliyepangwa alikuwa amekwenda Basoko kuzika, na mashua iliyokuwa inamrudisha ikakwama kwenye mchanga. Kadi iliyobaki mjini ilikuwa yangu. Mimi ni mkaazi wa Mangobo. Isitoshe, mshambuliaji wa Mangobo alikuwa mdogo wa mke wangu, kijana mpakiaji mizigo bandarini, aliyekula kwangu siku tatu kwa juma, na siku hizo sisi wengine tulikula haraka.

Watu wa ng'ambo walifanya mkutano nyuma ya goli. Mwishowe walinikubali kwa sharti moja: nisimame katikati ya uwanja, niinue mkono, niape mbele ya wote kwamba kwa dakika tisini sina shemeji. Niliapa. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa karibu na mstari, akasonya, na msonyo ule niliusikia nilipokuwa.

Uwanja wenyewe ulikuwa umefyekwa Jumamosi kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya wananchi wote. Mistari ilichorwa kwa majivu. Nyavu za magoli tuliazima kwa wavuvi Wagenia wa maporomoko, na walitupa zile walizokuwa hawazihitaji. Wavu wa goli la upande wa mto ulikuwa na matundu mawili, moja nyuma, moja ubavuni karibu kabisa na mwamba wa kushoto. Nilikagua kabla ya mchezo, nikaona matundu, nikajiambia mpira hautapita hapo. Basi.

Halafu kulikuwa na mpiga video. Huyu alikuwa mpiga picha wa harusi na matanga, ambaye mjomba wake alimletea mashine kutoka Brussels. Aliibeba begani akitembea polepole, akikohoa ili watu wageuke. Kazi yake siku ile haikuwa mpira. Alikuwa ameitwa kumpiga picha Komisere, na sharti la mkuu wa protokoli lilikuwa moja: mashine isimpe Komisere mgongo hata dakika moja. Mpiga video akasimama mwisho wa jukwaa, ubavuni, akampata Komisere kwa upande. Mbele ya pua ya Komisere, kule mbali, kilionekana kipande cha uwanja chenye upana wa mlango.

Mangobo walifunga mapema. Bao safi, nikaonyesha katikati, mpira ukaanza tena. Sikuwa nimetazama jukwaani. Komisere alikuwa amesimama kupunga mkono, na mimi nimeanzisha mpira naye bado wima. Mkuu wa protokoli aliingia uwanjani na viatu vyake vya ngozi, akauchukua mpira kwa mikono, akausimamisha mchezo mpaka mkubwa alipokaa. Wakati wa mapumziko alinivuta kando. Kwake refa alikuwa arbitre, na kila mtu, hata Komisere, alikuwa citoyen, yaani mwananchi.

"Citoyen arbitre, weye hauna heshima. Mbele ya kupiga filimbi, angalia kwanza kama Citoyen Commissaire amekaa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Angalia kila wakati. Kila wakati!"

Basi kipindi cha pili nikawa refa wa watu wawili, jicho moja kwenye mpira, jicho moja jukwaani. Ng'ambo walisawazisha. Komisere alikuwa amekaa, namshukuru Mungu. Zikabaki dakika chache, Mangobo wakapata kona upande wa mto. Mpira ukawekwa. Nikageuza shingo kutazama jukwaa, na nikamkuta Komisere amesimama, anavuta suruali magotini ili akae. Nikamngoja. Alikuwa mtu mnene, kukaa kwake kulichukua muda. Mpiga kona hakuwa na habari hizo. Alipiga.

Nilisikia kelele kabla ya kuona chochote. Nilipogeuka, mpira ulikuwa unabingirika nyuma ya goli kuelekea kwa mama muuza chikwangue, ile mikate ya muhogo. Wavu ulikuwa unatikisika wote. Shemeji yangu alikuwa amelala chini kifudifudi. Nusu ya watu mikono juu, nusu nyingine wanatikisa vidole. Je, mpira uliingia ukatokea tundu la nyuma? Au ulipita nje ya mwamba ukapiga ubavu wa wavu? Nilimtazama msaidizi wangu wa mstari, mfanyakazi wa posta, mtu aliyezoea kungoja maagizo. Yeye alikuwa ananitazama mimi.

Nitasema kilichopita kichwani mwangu, maana nimeshakaa nacho miaka mingi. Sikufikiri juu ya mpira hata kidogo. Nilifikiri hivi: nikisema bao, watasema shemeji. Nikisema si bao, hakuna atakayesema shemeji. Basi. Nikanyoosha mkono: mpira umetoka nje, kipa aanze. Na niliunyoosha kwa nguvu, kifua mbele, kama mtu aliyeona. Muda mfupi baadaye ng'ambo walifunga la pili, na kombe la Komisere likavuka mto ndani ya mtumbwi, na ngoma juu yake.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa fundi wa kushona sokoni, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkubwa.

"Maître," akasema. Aliniita maître, yaani mwalimu, siku za hatari tu. "Uliona ao haukuona?"

"Niliona."

"Sikia vizuri. Kama uliona, nitakusimamia mbele ya mama na mbele ya Mangobo yote. Kama haukuona, sema sasa. Tutalia wawili, itapita."

Hapo ndipo ningeweza kumaliza kila kitu. Mlango ulikuwa wazi, watoto wako nje, hakuna mtu anayesikia.

"Niliona," nikasema. "Ilipita inje."

Alifunga kitenge chake upya, akakikaza, na kuanzia hapo akaingia vitani kwa ajili yangu. Sokoni mteja alichukua kitambaa chake kilichokuwa kimekatwa tayari, akisema hawezi kuvaa blauzi iliyoshonwa katika nyumba ya mwizi. Mke wangu alimfuata hadi kwenye mafungu ya pondu, yale majani ya muhogo, akimweleza sheria za mpira. Hakuwahi kuzijua sheria za mpira. Alizijua wiki ile, kwa sababu kila jioni aliniuliza na mimi nilimfundisha, na kila alichokijua alikipeleka sokoni kunitetea. Nilikuwa namfundisha huku naona aibu.

Mama mkwe naye alikuja na kigoda chake, akaketi uani. Kwetu bokilo, yaani mkwe, hagombani na mume wa binti yake uso kwa uso, ni mwiko. Kwa hiyo alisema yote kwa kuku.

"Weye kuku, batu bengine banaapa hadharani kama habana bokilo. Nani alibapa muke? Ni batu ba ng'ambo?"

Kuku aliendelea kudonoa. Mke wangu, akiwa anachambua mchele, alimjibu kuku yuleyule.

"Kuku, ambia yule anakusemesha: bwana yangu aliona. Yeye njo alikuwa karibu. Mutu mwenye kukaa mbali anyamaze."

"Kuku, macho ya mama ya mutu hayazeeki!"

Hivyo kwa siku nzima, na mimi nimekaa katikati yao nikisahihisha madaftari. Nilimhurumia kuku kuliko nilivyojihurumia. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba shemeji yangu hakuja tena kula. Sahani yake iliwekwa, ikafunikwa, ikafunuliwa, tukala sisi. Nilijua amenikasirikia, na nilijua ana haki.

Siku ya nne mpiga video alianza kutembea Mangobo akisema maneno mapya: mashine yake ilikuwa inazunguka wakati wa ile kona. Ndani ya kaseti kila kitu kipo. Mashine haina shemeji. Watu walimbeba. Wajumbe wa Mangobo walikwenda kwa Komisere kuomba kaseti itazamwe, na ng'ambo, waliokuwa na hakika yao, wakakubali. Mke wangu alifurahi kuliko wote. Alifurahi kwa ajili yangu.

"Sasa bataona," akasema, na akashona shati jipya nivae siku hiyo.

Ilifanyika Jumapili baada ya misa, uani kwa Komisere, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchezea kaseti. Televisheni iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Mangobo walikaa kulia, ng'ambo kushoto, wanawake nyuma, mimi mbele na shati langu jipya likinikata kwapani. Komisere alikaa kwenye kiti chake, abakosi, ile suti ya wakubwa wa Chama isiyo na tai, imefungwa hadi shingoni, na juani pale jasho lilikuwa linamtiririka. Shemeji yangu hakuwepo, alikuwa zamu bandarini.

Kaseti ilianza na akina mama wa animasyo, wale wacheza ngoma wa kusifu Chama. Wakacheza, wakacheza. Kijana mmoja wa Mangobo akauliza kama haiwezekani kukimbiza kaseti mpaka kwenye mpira. Mpiga video akabonyeza kitufe, na akina mama wakaanza kurukaruka mbio, na sura ya Guide wetu wa taifa, yaani Rais, iliyochapwa kwenye vitenge vyao, mbele na nyuma, ikitetemeka kwa kasi. Mkuu wa protokoli alisimama akapaza sauti.

"Simamisha! Unamukimbiza Guide?"

Ikarudishwa mwanzo, ikaenda kwa mwendo wa heshima. Wimbo wa taifa ulipopigwa ndani ya kaseti, tulisimama sote. Tukakaa. Ulipigwa tena timu zilipoingia, tukasimama tena. Kisha mchezo ukaanza, na hapo ndipo watu walipoelewa kile walichokuwa wamekuja kukitazama. Kilikuwa kichwa cha Komisere. Kichwa cha Komisere kikinywa bia. Kichwa cha Komisere kikisikiliza mtu. Bao la kwanza la Mangobo lilionekana kama kishindo na mkono wake ukipunga.

"Mpira iko wapi?" akauliza nahodha wa ng'ambo, kwa adabu.

"Iko huko nyuma," mpiga video akajibu, akionyesha upande wa televisheni usiokuwepo.

Nilianza kupumua. Nitasema kweli, nilianza hata kufurahi. Kisha kona ikafika. Komisere akaonekana anakaa polepole, kelele zikapanda, na mdomo wake ukafunguka wazi kabisa. Halafu Mangobo wote wakaruka.

"Amesema but, bao! Citoyen Commissaire mwenyewe amesema but!"

"Wapi! Amesema ooh, ya mpira kupita inje!"

"Rudisha!"

Ikarudishwa, lakini mpiga video aliirudisha mno, tukaangukia tena kwenye wimbo wa taifa, tukasimama. Tukakaa. Mdomo ukafunguka. Mama mkwe akasema kwa sauti, bila kuku yeyote karibu, kwamba mdomo ule ni wa mtu aliyeona bao. Mzee wa ng'ambo akasema yeye ameuona mdomo wa namna ile nyumbani kwake kila siku saa nane mchana, na kabla hajamaliza mwenzake akamkanyaga mguu. Nani angesema mbele ya mkuu wa protokoli kwamba Komisere alipiga mwayo kwenye kombe la Chama? Wakanyamaza, lakini sote tuliuona ni mwayo. Ikarudishwa mara ya tatu ili wamtazame meno.

Mara hiyo ya tatu mimi sikutazama mdomo. Nilitazama kile kipande cha uwanja mbele ya pua yake. Wachezaji wadogo wadogo walikuwa pale, wote wameelekeza visogo kwetu, wanatazama goli. Wote isipokuwa mmoja. Mmoja mwenye nguo nyeusi za refa alikuwa amegeuza uso moja kwa moja kwenye mashine, shingo imenyooka, anamtazama Komisere akikaa. Kelele zikapanda, na uso ule mweusi mdogo ukageuka kwa kuchelewa.

Niligeuka nyuma. Katika ua ule mzima watu walikuwa wanabishana juu ya meno. Mke wangu hakuwa anabishana. Macho yake yalikuwa kwenye kona ya televisheni, na mkono uko shingoni mwake.

Komisere alikuwa ameona kwamba mdomo wake umekuwa mashakani, na hakupenda. Alijikohoza. Sidhani kama alikuwa na kumbukumbu yoyote ya kona ile. Akatafuta mlango wa kutokea, akaupata.

"Bon. Miye niliona sawa na arbitre. Arbitre njo mwenye sheria. Alors, citoyen arbitre, weye uliona nini?"

Mimi nilikuwa nimemtazama yeye, na sasa yeye alikuwa ananitazama mimi. Ua wote ukageuka. Kulikuwa na nafasi ya sentensi moja fupi, na mdomo wangu ukaifahamu vibaya.

"Niliona, Citoyen Commissaire. Ilipita inje."

"Voilà," akasema Komisere. Akapiga makofi, tukapiga makofi, tukasimama kwa sababu yeye alisimama. Ng'ambo waliondoka wakiimba. Mpiga video alipeana mikono na kila mtu, hata na Mangobo, akiwaeleza kwamba mashine imefanya kazi yake.

Njiani mke wangu alitangulia, nami nyuma hatua kumi, na shati langu jipya. Mlangoni kwetu alinigeukia.

"Nilipigana na mama yangu," akasema. "Nilipoteza bateja. Nilijifunza corner ni nini."

"Najua."

"Hapana, haujui. Ningekusimamia hata kama haukuona. Ile njo haujui." Akafungua mlango. "Kesho asubuhi utaenda bandarini kuona mudogo wangu. Utamwambia na mdomo yako."

Nilikwenda kabla ya shule. Nilimkuta anashuka kutoka kwenye boti na gunia la mahindi kichwani, shingo yake imejaa vumbi jeupe. Alilitua, akapangusa mkono kwenye suruali ndipo akanipa, kwa heshima kama siku zote. Hilo lilinichanganya. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Beau," nikamwambia, kama tulivyoitana sisi mashemeji, "nimekuja kukuambia kitu. Ile corner, sikuona. Nilikuwa natazama jukwaani. Nilisema inje bila kuona. Ndiyo maana hukuja kula, najua, na una haki."

Alinitazama kama mwanafunzi ambaye hajaelewa swali.

"Miye sikukuya kula juu ya kusikia haya," akasema. "Bao ya karibu namna ile, nilikosa. Nitaleta namna gani mdomo kwa sahani ya dada?"

"Lakini wewe ulijua kama iliingia."

"Ningejua wapi? Nilifunga macho, ballon ikanigonga, nikaanguka uso mu majani. Nilikuwa nangojea filimbi yako. Ulisema inje, nikajua ni inje. Batu ba Mangobo banasema umetuiba, miye nabapinga kila siku hapa bandarini. Nabaambia: hapana, maître aliona."

Nyuma yake wenzake walikuwa wanamwita, gunia lingine limeshatolewa. Hakugeuka. Alinisogelea, akapunguza sauti.

"Sasa, beau, iliingia?"